Ushuru wa Barabara kwa Mashine Isiyotembea

"Mashine yangu imefungwa kwa simiti, bolti nne. Sasa niambie, Mama Kyalo, imeenda barabara gani?"

Nthenya alikuwa amesimama mlangoni pa duka langu na mtungi mtupu mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa la dizeli, nimeshika pampu ya mkono.

"Mimi si Waziri," nikamwambia. "Bei imepanda, imepanda."

"Imepanda kwa nini? Sema."

"Si umesikia bajeti kwa redio kama mimi?"

"Nimesikia, ndiyo nakuuliza. Wenye magari wameondolewa leseni ya barabara, ile ya kila mwaka. Wamesema asante, wanaendelea kupiga honi. Halafu ile hasara ikawekwa kwa dizeli, kila lita, ati ushuru wa barabara. Mashine yangu iko na magurudumu?"

"Liko moja kubwa, hapo kando," nikasema.

"Linazunguka hapo hapo, mwaitu, mama yangu! Miaka sita linazunguka na halijafika hata kanisani!"

Wanawake wawili waliokuja kununua mafuta ya taa wakacheka mpaka mmoja akaweka chupa chini. Nami nikacheka. Ilikuwa Juni mwaka wa 2006, hapa sokoni Muthetheni, na hakuna aliyekuwa amemuudhi mwingine bado.

Wacha nieleze Nthenya alikuwa nani, kwa sababu wengi wanamjua kwa sauti yake tu. Alizaliwa Kithyoko, karibu na mto Tana, akaolewa huku na Erastus, mtu mpole aliyefanya kazi kiwandani Athi River miaka kumi na tisa. Mwaka wa 2000 kiwanda kilipunguza watu, Erastus akarudi nyumbani na hundi. Alitaka kununua gari la abiria. Nthenya akamwambia, "Gari utalifuata Kitui, utalifuata Nairobi, siku moja utalifuata polisi. Nunua kitu kinachokaa." Wakanunua mashine ya kusaga, mkweche uliotoka kwa Mhindi fulani Machakos, wakaifunga chini kwa simiti nyuma ya soko. Erastus akawa mtu wa mashine na Nthenya akawa mtu wa watu. Yeye ndiye aliyepima debe, akapokea pesa, akagombana.

Na alijua kugombana. Ukileta mahindi mabichi anakurudisha nyumbani ukayaanike. Ukipenya kwa foleni anakuita kwa jina la baba yako. Lakini hakumwibia mtu hata kiganja cha unga. Alikuwa akipiga gunia la mashine kwa fimbo mpaka vumbi la mwisho lidondoke kwa karai lako, na akikuona umesimama na gorogoro moja tu, mkebe wa kilo mbili, siku hizo za ukame na mahindi ya msaada, anasaga na kukuambia utalipa ukivuna. Kila Juni alifungua redio siku ya bajeti, akakaa na kalamu na kipande cha katoni, akaandika. Alisoma mpaka darasa la nne. Mimi niliishia la saba, na bado sijawahi kuandika bajeti.

Wiki ile ile ya mabishano yetu ya bei D.O., ofisa wa tarafa, alikuja kwa baraza. Maswali yalipofika Nthenya akasimama, akauliza lile swali lake la barabara. D.O. akatabasamu.

"Mama, hiyo ni sera ya serikali kuu. Mimi hapa siwezi kuibadilisha."

"Sawa, bwana D.O.," akajibu. "Basi serikali kuu ikileta mahindi kusaga, nitailipisha na nauli."

Hata askari wa D.O. alicheka. Lakini baada ya baraza Nthenya alikuja dukani kwangu, na wakati huu hakukuwa na mzaha.

"Mama Kyalo, sitaweza. Nikipandisha kusaga, hawa wamama watatwanga kwa kinu. Wako na mahindi ya msaada, pesa hawana. Nisipopandisha, dizeli itanimaliza. Nimesikia Masii wanauza chini kidogo. Nitakuwa natuma mitungi kwa basi."

Mteja wangu wa dizeli alikuwa nani mwingine? Trekta moja ya mwalimu mkuu na pikapu mbili tatu. Nthenya alichukua mitungi mitatu ya lita ishirini kila wiki. Akienda Masii, pipa langu la dizeli litabaki la kukalia.

"Usiende Masii," nikamwambia. "Nitakuuzia kwa bei ya zamani. Sabini."

"Utaweza aje na wewe unanunua kwa bei mpya?"

"Hiyo niachie mimi."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kesho yake soko zima lilijua. "Mama Kyalo ametuonea huruma," aliwaambia watu kwa foleni, "na serikali imeshindwa." Kusaga hakukupanda hata shilingi. Watu wakawa wananisalimia kwa heshima, nami nikaitikia.

Sasa niseme nilivyoweza.

Nilianza kuuza mafuta mwaka wa 1991. Siku hizo serikali ndiyo iliyopanga bei, na muuzaji mdogo kama mimi aliongeza nauli na pesa ya chumvi tu. Mwaka wa 1994 serikali ikaachilia, kila kampuni ijipangie. Tuliambiwa watashindana na bei itashuka. Labda ilishuka Nairobi. Mafuta yetu yanashuka melini Mombasa, yanapita kwa bomba mpaka Nairobi, yanapanda lori, yanashuka Machakos, yanapanda pikapu ya Antony, mleta mafuta wangu, ndiyo yafike kwa pipa langu. Kila aliyeyagusa ameonja. Wa mwisho kuyagusa alikuwa Nthenya, naye hakuwa na mtu wa kumwonja isipokuwa mama mwenye gorogoro.

Mafuta ya taa ndiyo hayakutozwa sana. Hayana ushuru wa barabara, na ule mwingine ni mdogo, kwa sababu ni taa na jiko la maskini. Jambo zuri, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na mapipa mawili kando kwa kando, moja la sabini niliyoahidi, moja la hamsini na sita, na pampu moja ya mkono inayoingia kwa yote mawili. Sitasema ni serikali ilinishika mkono. Mkono ulikuwa wangu.

Mtungi wa kwanza niliweka lita nne za mafuta ya taa, kumi na sita za dizeli. Nthenya alikuwa na kipimo chake, kama wenye mashine wote wa huku. Anachovya kidole, anasugua kwa kidole gumba, anasikiliza utelezi, ndiyo anuse. Alisugua, akasugua tena.

"Leo ni nyembamba."

"Ni jua," nikamwambia. "Dizeli ikipata jua inalegea."

Akaniamini. Alipotoka nikakaa kwa kreti. Mtu mwenye akili angeacha siku hiyo. Mimi nilifikiria kidole chake.

Ijumaa nikaenda Machakos mjini kwa fundi Yahya, ambaye gereji yake iko karibu na msikiti. Nikanunua kwake mtungi wa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwa injini, nyeusi kama chungu. Watu huipaka miti ya ua ili mchwa wasile.

"Una ua mrefu, mama?" Yahya aliniuliza akinimiminia.

"Mrefu sana," nikasema.

Kikombe kimoja cha oili kwa mtungi kilirudisha rangi na kilirudisha utelezi. Nthenya akasugua, akatikisa kichwa kuwa ni sawa. Sikuitengenezea mashine mafuta, nilitengenezea kidole chake. Na kwa vile kidole kilikubali, nikaongeza. Kufika mwisho wa Julai kila mtungi wangu ulikuwa na lita kumi na mbili za dizeli, nane za mafuta ya taa, na kile kikombe.

Agosti mashine ikaanza kukohoa. Ilikuwa na mkebe kwenye ekzosi, wenyewe waliufunga ili mlio ufike vijijini watu wajue kuna kusaga. Ule mlio ukawa unakatika katikati kama mtu anayesahau anachosema. Moshi ukawa mweusi. Erastus alifungua hiki, akafunga kile, akabadilisha chujio. Mimi nilikuwa nikisikia kutoka dukani kwangu, na kila ikikatika nilikuwa nasimamisha mkono wangu kwa chochote nilichoshika.

Mngeniuliza kwa nini sikuacha hapo. Nilikuwa nimeshaahidi sabini. Nilikuwa nimeshasifiwa. Ningerudi kusema nini?

Tarehe kumi na mbili Septemba, siku ya soko, mashine ikanyamaza na foleni imefika mpaka kwa wauza viatu.

Walimwita fundi Yahya kutoka Machakos. Alikuja siku ya pili na sanduku lake, akafungua pampu ya dizeli mbele ya watu, nami nilikuwepo, kwa sababu kutokuwepo kungeonekana. Akatoa kile kipande cha ndani, kama kidole cha chuma, akakigeuza juani. Kilikuwa na mikwaruzo kama kimelambwa na msasa.

"Hii imekufa," akasema. "Na nozeli nayo. Chembe za chuma zimepita hapa."

"Zimetoka wapi?" Nthenya akauliza.

"Kwa mafuta machafu, dada."

Basi lazima muelewe jambo moja. Kila mtungi uliofika kwa ile mashine ulipitishwa kwa kitambaa kabla ya kuingia tangi. Ni kipande cha leso ya Nthenya, kimekunjwa mara mbili, na kuchuja ilikuwa kazi ya Erastus. Yeye peke yake. Kila mtu aliyesimama pale alilijua hilo.

Nthenya akamgeukia mume wake.

"Baba Mutheu. Hukuchuja."

"Nimechuja."

"Umechoka kuchuja. Miaka sita, umechoka."

"Nthenya, nimechuja kila mtungi. Mara mbili."

"Basi hizo chembe zimeruka kutoka wapi, mbinguni? Umeniulia mashine kwa uvivu! Kiwanda kilikutoa, nami nikakupa kiwanda kingine, hicho nacho umekiua!"

Aliyasema mbele ya foleni nzima. Erastus alikitazama kile kitambaa kilichoanikwa kwa msumari. Mimi nilijua. Chembe za oili chafu ni unga mwembamba kuliko unga. Leso haizishiki hata ukiikunja mara nne. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningesema neno moja. Nilisema, "Pole, Mama Mutheu," nikaenda zangu kufungua duka.

Yahya alipokuwa anarudi Machakos alipita kwangu. Hakuingia.

"Mama," akasema kutoka nje, "na ule ua wako, miti imeota mashine?"

Nikajifanya natafuta chupa.

"Mimi ni fundi, si polisi," akasema. "Lakini mafuta ya taa nayajua hata yakivaa suti. Na oili niliyokuuzia ni yangu, kwa hivyo mimi pia sitalala vizuri. Mwambie mwenyewe. Nikisema mimi, itakuwa nimekushtaki."

Sikumwambia.

Wiki hiyo Erastus alichukua mfuko mmoja akaondoka. Ilisemekana amerudi Athi River kutafuta kibarua. Ilisemekana pia alikuwa mlevi wa siri, ndiyo maana alisahau kuchuja. Erastus, ambaye soda moja humlewesha! Nilisikia hayo yakisemwa dukani kwangu, juu ya pipa langu, na nikawapimia waliosema mafuta yao.

Wamama wakaanza kubeba mahindi ya msaada mpaka mashine ya Mbiuni, kwenda na kurudi, ama wakatwanga. Nthenya alishinda ndani ya chumba cha mashine akifagia mahali palipofagiwa. Pampu mpya ilikuwa elfu kumi na mbili, na alikuwa na mbuzi sita. Sauti yake ilishuka. Hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote: nilikuwa napita na simsikii.

Nikaanza kumpelekea vitu. Chupa ya mafuta ya taa, bure. Maharagwe. Siku moja nikampelekea isyo, mahindi na maharagwe, imeiva kwa sufuria, na nyama ndani. Akanitazama na macho mekundu.

"Wewe ndiye umebaki," akasema. "Wengine wananicheka, wewe unanipikia."

Nilirudi nyumbani na ile sufuria tupu nikaiosha mara tatu.

Dizeli ya mchanganyiko sikuuza tena. Iliyobaki niliimwaga shimoni nyuma ya choo, na Antony wa pikapu akiniuliza mbona siagizi, nikamwambia hakuna wateja. Ilikuwa kweli. Mteja nilikuwa nimemmaliza.

Katikati ya Oktoba, saa nne asubuhi, Nthenya akaja dukani. Alikuwa amevaa vizuri, kitambaa safi kichwani. Nikafikiri Yahya amesema.

"Mama Kyalo, nimekuja kwa aibu," akaanza. "Ule mtungi wa mwisho, wa Septemba. Niliuchukua nikakuambia nitalipa Jumamosi. Halafu mashine ikafa Jumanne. Sijasahau. Nipe mpaka Desemba, nimalize mambo ya pampu. Mtu wa pekee ambaye sitaki kudaiwa naye ni wewe."

Mtungi ulioua mashine. Alikuja kuomba muda wa kuulipia.

"Hunidai," nikasema. "Yaani, mimi sikudai."

"Usinihurumie kwa pesa. Huruma ya isyo inatosha."

"Si huruma, Mama Mutheu."

"Ni nini basi?"

Mkono wangu ulikuwa juu ya pipa. Nakumbuka lilikuwa baridi.

"Erastus alichuja," nikasema. "Alichuja kila siku. Ni mimi. Niliweka mafuta ya taa kwa dizeli yako, nane kwa ishirini. Halafu nikaweka oili chafu ili kidole chako kisijue. Zile chembe ni za oili. Leso haizishiki."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa kwenye kreti, lile ambalo mimi nilikalia siku ya kwanza, akatazama mapipa yangu moja moja kama anayasoma.

"Tangu lini?"

"Tangu Juni. Uliposema utaenda Masii."

"Na uliposimama pale, nikimwambia mume wangu yale maneno, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na isyo?"

Akainuka, akapangusa sketi yake nyuma.

"Pauline," akasema. Tangu Kyalo azaliwe hakuwa ameniita hivyo. "Utafanya mambo mawili, na sitarudi kukukumbusha. Utaenda Athi River umwambie Erastus kwa mdomo wako. Si barua, si kutuma mtu. Halafu utanunua pampu."

"Nitanunua."

"Sikukuomba. Nimekuambia."

Niliuza ng'ombe wa maziwa na lile pipa la dizeli na pampu yake ya mkono. Pesa ya pampu na nozeli nilimpelekea Yahya mimi mwenyewe. Alizipokea, akarudisha mia tano. "Hii ni ya oili," akasema. "Iweke. Nami nina sehemu yangu."

Siku iliyofuata nikaenda Athi River. Erastus nilimpata langoni pa uwanja wa kuuzia mawe ya kujengea, amevaa koti refu la mlinzi na kofia iliyomzidi kichwa. Aliponiona akaja mbio.

"Mama Kyalo! Kumetokea nini nyumbani? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Baba Mutheu. Nimekuja kusema jambo."

Nikasema. Wakati huu nilisema haraka, bila kupumua, kama mtoto anayetumwa dukani asisahau. Lori likaingia, akaenda kufungua lango, akaandika namba, akarudi, nikaendelea pale nilipoachia. Nilipomaliza alivua kofia.

"Kile kitambaa," akasema, "nilikuwa nakikunja mara mbili. Siku zote. Halafu nilipofika hapa nikaanza kujiuliza. Unasimama langoni mchana kutwa, huna la kufanya, unajiuliza. Labda siku ile nilikunja mara moja. Nikakumbuka mvua, nikakumbuka foleni, nikakumbuka nilikuwa na haraka. Juzi nikakubali. Nikajiambia, Erastus, ulikunja mara moja. Nikaona kabisa mikono yangu ikikunja mara moja."

"Ulikunja mara mbili."

"Sasa wewe ndiye wa kuniambia nilivyokunja?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kweli, kama anataka nimjibu. Nilishindwa kumtazama, nikatazama mawe.

"Yeye amesema nirudi?" akauliza baadaye.

"Amesema nije nikuambie. La kurudi hakulisema."

Akafikiri. "Hawezi kulisema," akasema. "Namjua. Akitaka urudi atakutafutia kazi." Akarudisha kofia kichwani.

Alimaliza mwezi wake ili asipoteze mshahara, akarudi wiki ya kwanza ya Novemba, mvua imeshanyesha kila mahali. Sikuwepo alipofika nyumbani na sijui waliambiana nini. Jirani yao anasema Nthenya alikuwa anakamua mbuzi, akamwambia bila kugeuka, "Pampu imefika. Yahya anakuja kesho, tafuta spana ya kumi na saba." Basi.

Siku mashine ilipowashwa nilienda. Hakuna aliyenituma. Foleni ilikuwa ndefu, na hao hao waliosema Erastus ni mlevi walikuwa ndani yake na magunia. Nikasimama mbele yao nikasema ni mimi, nikasema nane kwa ishirini, nikasema na oili. Mama mmoja mzee, Katunge, ambaye alikuwa akibeba debe mpaka Mbiuni na mguu mbovu, akatema mate chini karibu na kiatu changu. Hakutema juu ya kiatu. Kesho yake hakuna aliyekuja kununua kwangu hata mafuta ya taa, ambayo sikuwahi kuyachanganya. Hata sasa kuna wanaonusa chupa mbele yangu. Wananusa, nami nangoja wamalize.

Kusaga kulipanda shilingi mbili, kwa sababu Nthenya sasa ananunua dizeli Masii kwa bei ya Masii, na ushuru wa barabara ndani yake. Analipa na kulalamika. Sauti yake imerudi, naisikia kutoka hapa.

Tarehe ishirini Desemba alikuja dukani. Nilikuwa nimebaki na pipa moja. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Pauline, ule mtungi wa mwisho."

"Nilikuambia sidai."

"Sijakuuliza kama unadai. Nakuuliza ndani yake kulikuwa na dizeli lita ngapi."

"Kumi na mbili."

"Una hakika? Usinipimie kwa huruma."

"Kumi na mbili. Na nane za mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa ulikuwa unauza ngapi?"

"Hamsini na sita."

Akatazama dari. Midomo yake ikawa inatembea, kama siku ya bajeti, lakini bila katoni.

"Dizeli kumi na mbili kwa sabini, mia nane na arobaini. Mafuta ya taa nane kwa hamsini na sita, mia nne arobaini na nane. Elfu moja mia mbili themanini na nane." Akanitazama. "Oili chafu sikuagiza."

"Hapana, hukuagiza."

Ningelipwa mtungi mzima kwa sabini, ningepata elfu moja mia nne. Nilitoa moja kwa nyingine kichwani hata bila kutaka. Mia moja na kumi na mbili. Hiyo ndiyo iliyokuwa imezidi kwa kila mtungi kama ule.

Akafungua fundo la leso, akaweka noti juu ya pipa: moja ya elfu, tatu za mia. Nilitaka kumsukumia, mkono ukakataa. Kama angekuwa mtu wa kusamehe kwa maneno ningeweza kukataa pesa zake. Hakuwa mtu wa hivyo.

"Rudisha kumi na mbili," akasema.

Nilitafuta kwa kopo la chenji. Nikapata sarafu ya kumi, na nyingine mbili za shilingi moja moja. Nikampa. Akazigeuza kiganjani, akahakikisha, akazifunga ndani ya leso.

"Tumemalizana," akasema, akashuka ngazi.